Mikate, Vikapu na Daftari

Mazungumzo ya leo ni juu ya kazi ambayo wengi huifanya bila kuiita kazi, nayo ni kuoka na kukaanga vyakula nyumbani kwa kuuza, pamoja na kusuka, kufuma na kudarizi. Akina mama wengi hufanya kazi hizi katika Didia, na katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Tinde. Na wanaume wengine huzifanya pia. Alfajiri, maandazi na mikate hutoka jikoni. Alasiri, mikono ile ile iliyokanda unga hushika nyasi na ukindu, au sindano ya kufumia vitambaa. Mtu apitaye huviona vitu hivyo vimepangwa juu ya meza ndogo, akadhani kwamba jambo hili ni jepesi. Lakini ndani yake mna swali gumu. Je, mtu mmoja, mwenye nyumba ya kutunza na shamba la kulima, aweza kuzishika kazi mbili za mikono na kuziendesha kama biashara, bila nyumba kuharibika wala mtaji kuliwa?

Wahenga walisema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Neno hilo ni la kweli, lakini lina mpaka wake. Moja humponyoka yule azishikaye zote mbili kwa wakati mmoja na kwa mkono mmoja. Kazi hizi mbili hazifanani, wala hazitaki saa zile zile. Unga uliotiwa hamira huumuka wenyewe, hauhitaji kutazamwa. Kikapu nacho chaweza kuwekwa chini wakati wowote na kushikwa tena kesho, wala hakiharibiki. Basi jambo la kwanza ni kuijua tabia ya kila kazi.

Andazi ni mali ya siku moja. Likikaa hata jioni thamani yake hushuka, na likilala ni la kuliwa na watoto au la kutupwa. Lakini andazi lina wema wake: shilingi iliyotoka asubuhi yaweza kurudi kabla ya adhuhuri. Kikapu ni kinyume chake. Huchukua siku nyingi kumalizika, tena huenda kikakaa mwezi mzima kabla ya kupata mnunuzi. Lakini hakichachi wala hakiozi, kikihifadhiwa mbali na unyevu na mchwa. Kwa hiyo andazi ni kama maziwa ya ng'ombe, na kikapu ni kama ng'ombe mwenyewe. Maziwa hunywewa leo. Ng'ombe huwekwa kwa siku ya haja. Mwenye hekima hatamwuza ng'ombe ili apate maziwa, wala hataacha kukamua ati kwa sababu anaye ng'ombe.

Sasa na tufanye hesabu, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za dukani kwake.

Tuseme mama mmoja anunua unga wa ngano kilo 2 kwa shilingi 4,000, sukari nusu kilo kwa shilingi 1,500, mafuta nusu lita kwa shilingi 3,000, hamira kwa shilingi 300, na mkaa kwa shilingi 1,200. Jumla ni shilingi 10,000. Apata maandazi 70, na kila moja auza shilingi 200. Sabini mara mia mbili ni 14,000. Hivyo husema moyoni, "Nimepata faida ya shilingi 4,000," akashukuru, akaenda zake.

Lakini tuyafuate maandazi hayo mpaka mwisho wa safari yake. Manane yaliliwa na watoto kabla ya kwenda shule. Matano yalibaki yakalala. Kumi yalichukuliwa kwa ahadi ya "nitakulipa Jumamosi". Yaliyouzwa kwa fedha taslimu ni 47, na fedha yake ni shilingi 9,400. Kesho yake alfajiri, mama huyu ataka kununua tena vitu vya shilingi 10,000, naye mkononi ana 9,400. Amelala na faida ya shilingi 4,000 mdomoni, ameamka na upungufu wa shilingi 600 mkononi! Mambo yakiendelea hivyo siku saba, pasipo wadeni kulipa, amepungukiwa shilingi 4,200. Ndipo hupunguza unga, au huongeza maji katika kinyunga, au huchukua fedha ya chumvi na sabuni ya nyumbani ili kuziba pengo. Wanunuzi huona andazi limekuwa dogo, wakahamia meza nyingine. Baada ya miezi michache meza haipo, na watu husema, "Fulani hana bahati ya biashara." Wala haikuwa bahati. Mtaji uliliwa andazi kwa andazi, wala hakuna aliyeiba.

Huenda mtu akauliza, "Je, watoto wasile maandazi ya mama yao?" La, wale! Mtoto aendaye shule na njaa hasikii la mwalimu. Neno langu ni hili: maandazi manane yaliyoliwa nyumbani yaandikwe kuwa yameuzwa kwa nyumba. Kama chai ya asubuhi imo katika matumizi ya nyumbani, basi fedha yake itoke huko na kuingia katika kopo la biashara. Na kama nyumba haina fedha, mama na aandike, "Faida ya leo, maandazi 8, imeliwa na watoto." Hapo atajua kwamba biashara imemlipa, ila imemlipa kwa chakula. Asiyeandika hudhani hakulipwa kitu, au hudhani analo zaidi ya alilo nalo. Na makosa yote mawili yana hasara. Waswahili wana methali iliyo kama mlinzi wa duka: "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Daftari lenyewe si jambo la elimu kubwa. Daftari la shule la kurasa chache latosha. Ukurasa mmoja uwe wa siku moja, nao uwe na mistari mitano: nilichonunua, nilichouza kwa fedha, nilichokopesha na jina la aliyekopa, kilichotumika nyumbani, na kilichoharibika. Asiyejua kuandika ana mtoto au jirani ajuaye, na mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifanya kazi hii jioni kwa dakika kumi, tena akajizoeza hesabu zenye maana. Pamoja na daftari yafaa yawepo makopo matatu. La kwanza ni la mtaji, yaani fedha ya kununulia vitu vya kesho. Hili lisiguswe kwa jambo lolote la nyumbani. La pili ni la nyumba. La tatu ni la akiba, hata kama huingia shilingi 200 tu kwa siku. Fedha ikirudi kutoka mezani, kopo la mtaji hujazwa kwanza, na kinachozidi ndicho hugawanywa.

Sasa tugeukie kikapu. Tuseme kikapu kimoja huchukua saa 20 za kusuka, rangi na vifaa vyake ni shilingi 2,000, nacho huuzwa shilingi 8,000. Kinachobaki ni shilingi 6,000. Gawanya kwa 20, ni shilingi 300 kwa saa. Maandazi, yakiuzwa yote bila kupungua, hutoa shilingi 4,000 kwa kazi ya saa kama tano, yaani shilingi 800 kwa saa. Mtu wa haraka atasema, "Basi tuache vikapu." Asiharakishe. Saa za kikapu ni zile ambazo haziwezi kuuzwa kwa njia nyingine: wakati unga unaumuka, wakati wa kungoja wanunuzi mezani, jua la alasiri linapokuwa kali, au jioni watu wakizungumza uani. Saa hizo zingepita bure. Lakini kinyume chake ni hasara: yule aachaye kinyunga chake kichache ili amalize kikapu ameuza saa ya shilingi 800 kwa shilingi 300. Na mteja akija kuagiza kikapu kiwe tayari kwa siku fulani, hapo kazi si ya saa za bure tena. Bei yake haina budi kupanda, na msukaji asione haya kusema hivyo. Wengi huhesabu ukindu na rangi, wakasahau kuhesabu mikono yao wenyewe.

Tena kuna majira. Katika nchi ya Wasukuma mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Miezi hiyo jembe ndilo bwana, na fedha vijijini huwa haba. Asiye na nguvu za kulima mchana kutwa na kukanda unga usiku apunguze maandazi badala ya kuivunja afya yake. Baada ya mavuno, pamba inapouzwa, fedha hutembea, na meza ya mikate hupata watu. Kiangazi kirefu, Juni hata Oktoba, shamba limelala; huo ndio wakati wa nyasi kavu, wa kusuka, na wa kukausha michembe na matobolwa ya viazi. Vikapu vilivyosukwa kiangazi na kuwekwa vizuri vyaweza kuuzwa mwezi Januari, wakati kila nyumba yatafuta fedha ya madaftari na sare za shule. Mwenye kupanga mwaka wake hivi hashiki mbili kwa mkono mmoja. Hushika moja, kisha nyingine, kwa zamu.

Juu ya wanunuzi, watu wa Didia wana jambo ambalo vijiji vingi havina. Wasafiri wapita barabarani, na huko Tinde njia hugawanyika kwenda Nzega na kwenda Kahama. Tena tumo katika nchi ya migodi. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na dhahabu huchimbwa upande wa Kahama na Geita na katika machimbo madogo kama ya Mwakitolyo. Mahali penye wachimbaji pana njaa ya mikate. Andazi huko huenda mbio. Walakini soko la mgodini lina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni mkopo: mchimbaji hula leo kwa ahadi ya dhahabu ya kesho, na dhahabu isipoonekana huhama usiku pamoja na deni lake. Hatari ya pili ni kwamba mgodi wenyewe huisha. Mgodi mkubwa wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na kazi yake ikakoma mwaka 2021. Ni miaka 12 tu. Basi auzaye mgodini aweke kiasi cha mkopo asichokivuka, kwa mfano maandazi matano kwa siku, wala asivunje meza yake ya nyumbani kwa kuifuata meza ya mgodini. Biashara haigombi, lakini yajua kukataa kwa adabu: "Ndugu yangu, lipa ya jana, nikupe ya leo."

Na sasa neno juu ya nyumba yenyewe. Mara nyingine ugomvi huingia kwa sababu ya kopo la mtaji. Mume huona fedha ndani na nyumba haina mboga. Mke husema fedha hiyo si ya kula. Yafaa wote wawili wajue jambo hili mapema, waketi pamoja na daftari mbele yao, na wakubaliane ni kiasi gani kitatoka kwenda nyumbani kila juma. Sheria nayo imesema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaeleza kwamba ndoa peke yake haibadili umiliki wa mali. Mke aweza kuwa na mali yake mwenyewe kama mume. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke, kama kupika na kutunza nyumba, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Simtajii mtu jambo hili ili aende mahakamani. Nalitaja ili sote tufahamu kwamba kazi ya jikoni ina thamani hata mbele ya majaji. Basi isiwe haina thamani mbele ya wale wanaoila.

Watoto nao wana haki yao. Ni vema mtoto ajifunze kazi ya mama yake, apepete unga, achambue nyasi, asaidie kuuza siku ya Jumamosi. Si vema sinia la maandazi limzuie kwenda shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu kazi nyepesi kwa mtoto aliyefika umri wa miaka 14, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Faida ipatikanayo kwa kumtoa mtoto darasani ni mkopo, nao mtoto ndiye atakayeulipa maisha yake yote.

Yasemwe machache juu ya fedha za kuanzia. Karibu kila mahali wapo watu wanaotoa mikopo ya haraka, ile ambayo wananchi wenyewe wameibandika jina la "kausha damu". Jina hilo latosha kuwa onyo. Riba ya juma kwa juma haiwezi kulipwa na andazi. Tumeona faida yake ilivyo nyembamba. Ziko njia zilizo bora. Kwanza, vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo wanachama huweka hisa kidogo kidogo, na sanduku hufungwa kwa kufuli zaidi ya moja, funguo zikakaa kwa watu mbalimbali. Pili, mikopo isiyo na riba ya halmashauri: kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikaanza tena mwaka 2024. Aitakaye na aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake. Tatu, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji wa vyakula na kazi za mikono. Na katika njia hizi zote, kikundi chenye daftari safi huaminiwa kuliko kikundi chenye maneno mengi.

Wala umoja si jambo geni kwetu. Wasukuma wa zamani walikuwa na vyama vya vijana vya kulima kwa pamoja, chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale. Shamba ambalo mtu mmoja angelilima majuma mengi, kundi lililimaliza kwa siku chache. Jambo lilo hilo laweza kufanywa jikoni. Nitatoa mfano mmoja wa mbali. Mwaka 1959, katika mji wa Mumbai nchini India, wanawake saba walikopa rupia 80 wakaanza kutengeneza papad, yaani vile vikate vyembamba vya dengu. Chama chao kiliitwa Lijjat. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Asubuhi mwanachama hufika kituoni, akapewa kinyunga kilichokwisha kukandwa na kupimwa. Akaenda nacho nyumbani, akasukuma na kuanika kwa saa azipendazo, huku akiangalia watoto wake. Kesho yake hurudisha vikate, vikapimwa na kukaguliwa, akalipwa ujira wake. Leo chama hicho kina wanachama makumi ya maelfu. Tuangalie siri yao. Hawakuhama nyumbani, wala hawakuiacha biashara ikae ndani ya nyumba bila mpaka. Ununuzi, mizani, daftari na uuzaji vilikaa kituoni. Mikono tu ndiyo iliyofanya kazi nyumbani. Tena kikate kilichofanywa vibaya hakikupokelewa, ingawa mwenyewe ni mwanachama.

Majirani watano wa Didia waweza kuiga jambo hilo kwa kipimo chao. Wanunue mfuko mmoja wa unga kwa bei ya jumla badala ya kila mtu kilo mbili mbili. Wapokezane zamu: leo wawili wakande na kukaanga, watatu wasuke, kesho wabadilishane. Jiko moja kubwa lenye kuhifadhi joto hula mkaa mdogo kuliko majiko matano, na moshi wake hudhuru mapafu machache zaidi. Mama aliyejifungua, au anayeuguza, apumzike bila meza kufungwa. Vikapu vyao wavipeleke mjini pamoja, mtu mmoja kwa nauli moja, na bei wakubaliane nyumbani kabla ya kuondoka, wasije wakashindana wao kwa wao mbele ya mchuuzi.

Basi, msikilizaji nawe msomaji, ukitaka kujaribu haya usingoje mkopo wala semina. Chukua daftari moja na makopo matatu, uandike siku saba mfululizo bila kujidanganya. Siku ya nane, kabla ya kukanda unga, hesabu kopo la mtaji. Likiwa limepungua, tafuta katika mistari mitano ni mstari gani uliolila, nao ndio uurekebishe kwanza: kama ni mkopo, punguza mkopo, kama ni mabaki, kaanga machache, kama ni nyumba, keti na wa nyumbani mwako mzungumze. Likiwa limejaa, nunua unga wako kwa amani, na wakati unaumuka, kaa chini ushike kikapu chako.